Yule Mwanamke Aliyemimina Maji

Wawira mwanangu,

Mwalimu wetu wa Kiswahili hutufundisha kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kumjulia hali anayeandikiwa. Hali yako naijua. Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, umeacha sanduku wazi kitandani, na ukirudi utaniuliza kama nimeona soksi zako. Ni saa tisa mchana. Nimeketi kwenye meza ya kulia na daftari langu la insha la kidato cha tatu. Kurasa nimezitoa katikati ya daftari ili nyingine zisilegee. Mwalimu akiuliza zimeenda wapi nitamwambia ukweli.

Kesho unaenda Nairobi kuanza mwaka wako wa kujifunza kuandika kuhusu sinema. Sitakuandikia juu ya blanketi, wala juu ya kufunga mlango, wala watu wa kuogopa. Hayo nimeyasema mpaka umechoka, na mengine nilikuwa nayasema ili nisiseme haya. Nataka kukuandikia juu ya ile aya uliyoikata kwenye makala yako. Uliikata kwa sababu nilikudanganya.

Niruhusu nianze mbali kidogo, kwa ile sinema ya Kihindi yenyewe.

Unakumbuka tuliitazama siku mbili, kwa sababu siku ya kwanza kompyuta ilizimika pale polisi anapoingia kijijini. Wewe ulikuwa unasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha na kututafsiria, mimi upande huu, Cucu wako, bibi mzaa baba, upande ule na kikapu chake cha maharagwe. Kila mtu mpya akitokea, Cucu aliuliza, "Na huyu ni mtoto wa nani?" Ukamwambia, "Cucu, hata mimi simjui, ndiyo ameingia sasa hivi!" Naye akasema, "Basi ngoja tumjue kwanza kabla hajauawa."

Mwanzoni nilidhani ni hadithi ya mwizi na polisi. Kijana anakutwa amekufa kwenye mfereji wa maji, afisa mgeni anatumwa kutafuta muuaji, wanakijiji wote wanasema hawakuona kitu. Polepole tukaelewa. Yule kijana aliuawa kwa sababu siku ya arusi yake alipita mbele ya nyumba za wakubwa akiwa juu ya farasi, na watu wa tabaka lake hawakuruhusiwa kupanda farasi. Ulitusimamishia picha ili utueleze habari ya tabaka la kuzaliwa, ambalo mtu hatoki hata akisoma, hata akitajirika. Cucu akatikisa kichwa na kusema, "Wahindi hawa ni watu wabaya." Mimi nikasema, "Ni kweli." Tena nilisema haraka sana.

Baada ya hapo ulitumia wiki nzima kusoma yale waliyoandika wahakiki. Sijawahi kukuona ukifanya kazi namna ile, hata wakati wa mtihani. Ulikuwa ukinisomea nikiwa nakamua ng'ombe. Mhakiki mmoja wa kule kwao aliisifu kama picha ambayo kila raia angelazimishwa kuitazama. Mwingine alikasirika, akasema mwongozaji ametoa aibu ya nyumbani na kuipeleka kwa wageni. Yuko aliyeandika kurasa mbili kuhusu kamera na jinsi watu walivyokimbizana kwenye mashamba ya miwa, bila kutaja hata mara moja kwa nini mtu alikufa. Na yule mama uliyempenda, aliyeuliza kwa nini polisi wa tabaka la juu ndiye shujaa, na jamaa wa marehemu wamepewa kazi ya kulia tu. Ukaniambia, "Mama, huyu ndiye ameona."

Lakini wewe uliona kitu ambacho hata yeye hakukiona. Karibu mwanzoni, mama ya marehemu anafika kwa jirani wa tabaka la juu akiwa na kiu. Mwanamke wa nyumba ile hampi kikombe. Anamwambia akinge mikono, halafu anamimina maji kutoka juu ili chombo kisimguse. Ni muda mfupi kuliko mtu kufunga kamba za viatu. Uliandika kwamba wahakiki wote wamemtazama mwenye kisu na mwenye bunduki, na hakuna aliyemtazama mwenye jagi. Uliandika kwamba mauaji ya mferejini yalianzia jikoni.

Nilipoisoma sentensi hiyo kwenye tovuti iliyochapisha makala yako, chini ya jina lako, nilikwenda nayo darasani. Tuko watu kumi na mmoja kwenye darasa la watu wazima, tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Nikamwonyesha mwalimu. Akaisoma akiwa amesimama, akairudia, akasema, "Mama Wawira, huyu binti amefanya uhakiki. Wengine wamesimulia hadithi." Mwenzangu wa dawati, yule wa duka la dawa za mifugo, akasema, "Na wewe ukipata mtihani wa fasihi umlete yeye akufanyie." Tulicheka. Mwanangu, nilitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyevishwa kitu kipya.

Najua si wote waliokusifu. Ulinisomea maoni ya yule kijana aliyeandika, "Dada, hiyo ni sinema ya Wahindi, huku kwetu hakuna mambo ya tabaka. Wacha kutuchosha." Ulicheka, lakini niliona haikukuchekesha. Nadhani ni yeye aliyekufanya uandike ile aya. Mhariri wa tovuti hiyo, utakayejifunza kwake, alipokuomba makala ndefu zaidi uende nayo siku ya kuanza, uliamua kumjibu kijana yule kwa kuandika jambo la nyumbani kwetu.

Jumapili ile, wiki mbili zilizopita, ulitusomea baada ya chakula. Uliandika kwamba ulipokuwa mdogo, msimu wa kahawa, wachumaji waliotoka kule chini kwenye nchi kavu, upande wa Siakago na Gachoka walinywea vikombe vya bati vilivyoning'inia kwenye misumari nyuma ya jikoni, na sisi tulinywea vya kabatini. Uliandika kwamba siku moja alikuja mgeni, mwanamke ambaye hakuja kuchuma kahawa bali kututembelea, na ukamwona mama yako akimpa chai kwenye kikombe cha msumarini.

Cucu aliweka kijiko chini. Unajua mambo ya majina kwetu. Binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na kwake si jina tu, ni yeye amerudi kuwa mtoto. Akasema, "Wawira ni mimi. Nimekuwa Wawira kabla baba yako hajaota meno. Watu wa kanisa watasoma kwamba Wawira amesema nyumbani kwao watu hunyweshwa kwa mikebe. Watadhani nimesimama mbele yao nikajishtaki!"

"Cucu, watajua ni mimi."

"Watajuaje? Umeandika Wawira."

Baba yako akakumbuka kwamba ng'ombe hawajapewa maji, akatoka. Ndipo ukanigeukia mimi. Hukukasirika. Uliuliza kama mtu anayetaka tu kujua. "Mama, nilikumbuka vibaya? Yule mgeni, ulimpa kikombe kile au hukumpa?"

Nikakujibu, "Ulikuwa mdogo sana. Labda uliota."

Nilikuona ukiinamisha kichwa. Ulichukua kalamu, ukapiga mstari juu ya aya nzima, ukasema, "Basi siwezi kuandika kitu ambacho sina hakika nacho." Wewe ulikuwa mwaminifu na mimi nilikuwa mwongo, na ni wewe uliyefuta.

Hukuota, Wawira. Ulikuwa na miaka sita na ulikuwa umesimama mlangoni na kipande cha muwa. Uliniuliza, "Mama, huyu si anti? Mbona amepewa kile?" Nikakutuma ukatazame kuku.

Sasa nikueleze ambalo hulijui. Umejua siku zote kwamba nilizaliwa Siakago. Nilikwambia kwamba nilikutana na baba yako kwenye mkutano wa vijana wa kanisa. Mkutano ulikuwako, lakini ulikuja baadaye. Kwanza nilikuja huku na debe. Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili, nikaacha shule kidato cha pili, na mimi na Ciarunji, binti ya mama mkubwa, tukapanda huku kuchuma kahawa. Tulikuja kwenye shamba hili hili. Cucu ndiye aliyetupangia mistari.

Kikombe changu kilikuwa na kibonyeo upande mmoja. Nitakuambia ukweli ambao labda hutautarajia: hakikuniuma. Kilikuwa na chai ya maziwa, na kwetu mwaka ule hapakuwa na maziwa. Nilidhani ni kikombe changu tu, kama vile kila mtu ana debe lake. Nilielewa siku ya mvua. Mvua ilitukuta shambani, tukakimbilia jikoni, na mimi kwa kiu nikachukua kikombe cheupe cha kabatini, chenye maua mekundu, nikachota maji nikanywa. Cucu hakunigombeza. Kesho yake nilipokwenda kuchukua kikombe changu, nilikuta kile cha maua kimetundikwa msumarini pamoja na vya bati. Kilikuwa kimehamishwa. Hapo ndipo kiliponiuma, kwa sababu kikombe hakikuwa kimefanya kosa lolote.

Usidhani nilikataa. Nilichuma kwa bidii kuliko wengine, na baba yako akaniona. Alipinga watu wengi ili anioe, na jambo hilo ninamshukuru mpaka leo. Siku niliyoingia nyumba hii kama mke, Cucu mwenyewe alinimiminia chai kwenye kikombe cha kabatini. Nilifurahi sana. Nilidhani nimeshinda. Kosa langu kubwa ni hilo, na limenichukua miaka mingi kulijua: nilidhani ushindi ni mimi kuhama kutoka msumarini kwenda kabatini. Misumari niliiacha mahali pake. Msimu uliofuata ni mimi niliyekuwa naviosha vile vya bati, kwenye karai lililotengwa, kwa maji yaliyotengwa, na kuvirudisha nje.

Miaka ikapita, wewe ukafika sita, ndipo Ciarunji akaja. Alikuwa ameleta mfuko wa ndengu na habari za nyumbani. Siku ile palikuwa na wake wawili wa majirani hapa, wale wa kikundi chetu cha akina mama, wameketi mezani. Walimtazama viatu. Nilikuwa nimewaeleza kwamba watu wa kwetu Siakago ni walimu. Nilikwenda jikoni, nikafungua kabati, nikashika kikombe, nikakirudisha. Nikatoka nyuma nikatungua cha bati. Hakuna aliyenilazimisha. Cucu hakuwa hata nyumbani, alikuwa kiwandani kupeleka kahawa.

Ciarunji alikipokea kwa mikono miwili. Alikijua, alikuwa amekinywea mwaka mzima. Alikunywa chai yote, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chai yako ni tamu, mwenye nyumba." Hakuniita kwa jina langu. Akaenda zake, na hajaja tena.

Misumari niliing'oa mwaka uliofuata. Nilimwambia kila mtu kwamba ukuta unapakwa rangi. Hata nilipouacha ubaya sikuthubutu kuuita ubaya. Nilinunua vikombe vya plastiki vya rangi moja kwa watu wote, na hakuna aliyeuliza. Nikajisemea imekwisha. Halafu miaka ikapita, na binti yangu akasimamisha sinema ya Wahindi ili anieleze kile mwanamke yule alichokuwa anafanya na jagi lake. Sikuhitaji tafsiri.

Sasa niruhusu nikupinge mahali pamoja, kwa sababu ukienda huko hutapata mtu wa kukupinga kwa sababu hii. Katika makala yako umemwita mwanamke yule mkatili. Mwalimu wetu husema mhakiki atoe ushahidi kutoka ndani ya kazi yenyewe, kwa hiyo nilingoja mchana mmoja ulipolala nikarudia kutazama kipande kile mara nne. Tazama macho yake. Hamtazami mwenye kiu. Anatazama barabarani, kuona ni nani anamwona. Yule mwanamke anaogopa. Anaogopa kushushwa kutoka pale alipo, na hofu hiyo anaimimina juu ya mikono ya mwenzake. Sikuambii haya ili umwonee huruma. Hofu yake haikumsaidia mama yule mwenye kiu, kama vile yangu haikumsaidia Ciarunji. Nakuambia kwa sababu ukimwandika kama mnyama, kila mama atakayesoma atasema, huyo si mimi, na atageuza ukurasa akiwa na amani. Mwandike jinsi alivyo, mtu mwenye aproni safi na watoto anaowapenda, na hatakuwa na pa kujificha.

Mhakiki yule uliyempenda aliuliza kwa nini shujaa ni polisi wa tabaka la juu. Nimelifikiria swali lake sana. Nadhani ni kwa sababu mtazamaji anataka kuketi upande wa yule anayegundua. Mimi pia nilitaka kuketi hapo. Wewe tu ndiye uliyetaka kujua ni nani aliyekuwa jikoni. Hilo sikukufundisha mimi, wala shule haikukufundisha. Nina fahari nalo ambayo siwezi kuiandika vizuri. Nimejaribu sentensi tatu na nimezifuta zote.

Kuna jambo moja zaidi. Leo asubuhi kabla ya kanisa nilimfuata Cucu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua maharagwe. Nikamwambia, "Mama, aya ile ya mtoto ni ya kweli. Nilimdanganya."

Akaendelea kuchambua.

"Nilikuona ukikinywea kile cha maua," akasema. "Siku ya mvua."

"Najua uliniona."

"Mama mkwe wangu alinifundisha hivyo. Alisema watu wa kule chini wana magonjwa."

"Na uliponiona sina ugonjwa?"

"Wewe ulikuwa umeshakuwa wetu."

"Na Ciarunji?"

Alitoa mawe mawili kutoka kwenye maharagwe, akayaweka kando, halafu akasema, "Huyo ulimpa wewe. Mimi nilikuwa kiwandani."

Ni kweli, na nilimwambia ni kweli. Nilipoinuka kwenda kuvaa aliniita. "Mama Wawira! Mwambie akiandika, aandike na jina la baba yake. Wawira ni wengi Embu nzima, sitaki Wawira wa watu wengine walaumiwe bure."

Sijui kama hiyo ni ruhusa. Hakuomba msamaha, na sikumwomba aombe, kwa maana mimi mwenyewe sijaanza. Jumamosi hatuna darasa, nitashuka Siakago. Nimesikia Ciarunji anauza nafaka sokoni. Sijui atanipokea vipi. Anaweza kuniuzia kilo mbili kama mteja mwingine yeyote na kunipa chenji yangu, nami nitakuwa nimestahili hivyo. Atakalosema nitakuandikia, hata likiwa baya, na likiwa baya usilipunguze makali kwa ajili yangu.

Irudishe aya yako. Usiirudishe kama ilivyokuwa, kwa sababu ulivyoiandika uliweka "nadhani" mara mbili na "kama sikosei" mara moja. Toa maneno hayo. Usiandike "mama mmoja niliyemjua". Mhariri atakuuliza una hakika gani, na ni kazi yake kuuliza. Yule kijana wa maoni naye atasema umebuni. Uwape ukurasa huu wauone. Mwambie mhariri kwamba mwanamke wa jikoni yuko hai, yuko kidato cha tatu, anajua kusoma na kuandika, na ametia sahihi jina lake kamili kwa mkono wake mwenyewe:

Agnes Marigu, mama yako.